Tatu, Satu, Sharhu: Utangulizi wa Elimu ya Maneno ya Wahenga

Asubuhi sokoni Baraka, mji wetu wa Fizi, ndagala wanapotoka ziwani na wamama kuanza kupanga mafungu, hesabu ya tatu husikika kwa sauti nyingi kabla jua halijawa kali. Mfuliiru aliyeshuka kutoka upande wa Uvira atahesabu vitu vyake na kusema *bishatu*. Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015, atasema *bitatu*. Mshi aliyefika kutoka Bukavu kununua kwa jumla atasema *bisharhu*. Mlega atakuwa na *satu* kinywani. Kisha wote watapatana bei kwa Kiswahili: tatu. Hakuna anayeshangaa. Kila mmoja amemwelewa mwenzake, pesa imetoka mkono huu imeingia mkono ule, na siku inaendelea.

Kurasa zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya yule atakayesimama kidogo pale sokoni na kushangaa. Mbona maneno haya yanafanana hivi? Na kama yanafanana, mbona hayalingani kabisa? Mbona mmoja ana *t* mahali mwingine ana *s*, na wa tatu ana *sh*? Maswali haya ndiyo mlango wa elimu iitwayo isimu linganishi. Ndugu msomaji, karibu ndani. Huhitaji digrii ili uanze. Unahitaji masikio, daftari, na subira ya kumsikiliza mtu mzima anapohesabu mbuzi wake.

Jibu la msingi ni hili: maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Yametokana na neno moja lililosemwa na watu wa zamani sana, ambao hawakuandika chochote. Neno hilo wataalamu wamelijenga upya na huliandika hivi: *\*-tatu*. Kinyota kilichowekwa mbele kina maana kubwa kuliko umbo lake. Kinatuambia kwamba neno hilo hakuna aliyelisikia wala aliyelikuta limeandikwa. Limepatikana kwa kuwahoji watoto wake, kama vile mzee wa ukoo anavyoweza kukueleza sura ya babu wa babu yake kwa kutazama nyuso za wajukuu. Lugha iliyolibeba tunaiita Mame-Bantu, yaani mama wa lugha zote za Kibantu.

Njia hii ya kuhoji haikuanzia kwetu, na ni vizuri kuiona kwanza ilikofanyiwa majaribio. Mwanafunzi wa Fizi anajua Kifaransa cha shuleni, na huenda ameokota Kiingereza kidogo. Basi na aweke maneno haya bega kwa bega: *poisson* na *fish*, *père* na *father*, *pied* na *foot*. Katika maneno haya, kila Kifaransa kinapoanza kwa *p*, Kiingereza kinaanza kwa *f*. Mara moja ingekuwa bahati. Mara tatu, kisha mara nyingi zaidi, ni kanuni. Mdenmark Rasmus Rask aliliona jambo hili mwaka 1818, na Mjerumani Jacob Grimm akalipanga kama sheria mwaka 1822. Kwa kulinganisha hivyo wataalamu walichukua *fish* ya Kiingereza, *Fisch* ya Kijerumani, *vis* ya Kiholanzi na *fisk* ya Kiswidi, wakarudi nyuma hadi neno moja la lugha mama ya lugha hizo nne: *\*fiskaz*, samaki. Nyuma yake zaidi liko neno lililozaa pia *piscis* ya Kilatini, ambayo ndiyo bibi wa *poisson*. Kwa hiyo Mbelgiji wa kaskazini aliyesema *vis* na Mbelgiji wa kusini aliyesema *poisson*, walipokuja wote wawili kutawala Kongo, walikuwa wamebeba neno moja bila kujua.

Elimu ya Kibantu ilifuata njia hiyohiyo. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Cape Town, ndiye aliyelipa jamii yetu ya lugha jina la Bantu katika sarufi yake linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862. Jina lenyewe ni neno la watu wenyewe: *ntu* ni mtu, *ba-* ni wingi. Carl Meinhof akatoa mwaka 1899 kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, na ndani yake Kiswahili kilikuwa miongoni mwa mashahidi wachache aliowachagua. Malcolm Guthrie wa London alichapisha majalada manne kati ya mwaka 1967 na 1971, na wakati huohuo Mbelgiji A. E. Meeussen alikuwa akikusanya mashina na sarufi ya kale. Leo orodha kubwa ya mashina yaliyojengwa upya inatunzwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Napenda msomaji wa Baraka ajue hilo: sehemu ya urithi wa bibi yake iko kwenye orodha iliyo mbali na ziwa, lakini mali yenyewe bado inasemwa hapa kila siku.

Sasa turudi kwenye *\*-tatu*, maana kwake kuna somo zima.

Chukua maneno mawili ya Kiswahili yenye *t* mwanzoni: tatu, na tuma. Yafuate safarini. Kizulu kina *thathu* na *thuma*. Kitswana kina *raro* na *roma*. Kigiriama, kule nyuma ya Malindi, kina *hahu* na *huma*. Kiduala, pwani ya Kameruni, kina *lalo* na *loma*. Yatazame tena polepole. *Hahu* na tatu hazifanani kwa sikio, na mtu asiyejua angesema si ndugu. Lakini Kigiriama kimegeuza *t* ya kale kuwa *h* katika maneno yote mawili. Kitswana kimeigeuza kuwa *r*. Kiduala kuwa *l*. Hakuna lugha iliyobahatisha. Huu ndio moyo wa elimu hii, na nauandika nikiwa na furaha ileile niliyoipata siku ya kwanza kuuelewa: sauti hazibadiliki ovyo, hubadilika kwa kanuni, na kanuni hiyo hupita katika vinywa vya watu maelfu bila yeyote kuagizwa.

Kwa sababu hiyo mfanano peke yake si ushahidi. Kuna lugha ya wenyeji wa Australia iitwayo Kimbabaram ambayo neno lake la mbwa lilikuwa *dog*, sawasawa na Kiingereza, na hakuna udugu wowote kati yao. Mfanano unaweza kukudanganya. Ukweli uko katika kulingana kwa kanuni, hata pale sikio linapokataa.

Lakini hapo pana fumbo, na fumbo hilo liko mlangoni petu. Kimashi kimegeuza *t* ya kale kuwa *rh*: kutuma ni *okurhuma*, watu watano ni *barhanu*. Basi kwa kanuni tatu ingekuwa *rharhu*. Sivyo. Ni *sharhu*. Ile *t* ya pili imetii sheria, ya kwanza imekataa. Kiganda nacho husema *tuma* na *bataano* bila shida, kisha kikifika kwenye tatu kinasema *basatu*. Kilega kina *satu*, Lingala kina *misato*, Kifuliiru kina *shatu*. Lugha nyingi za upande wetu zimekosea mahali pamoja, katika neno moja. Mtaalamu anapokuta kosa linalorudiwa hivyo hasemi ni kosa. Anajua kuna kanuni nyingine imejificha.

Guthrie aliamua kuandika mashina mawili ya kale, moja lenye *t* na moja lenye sauti iliyozaa *s*. Mimi naridhika zaidi na maelezo mengine, na ushahidi wake uko katika Kinyarwanda. Mnyarwanda akihesabu watu watatu husema *abantu batatu*. Akihesabu vitu, *ibintu bitatu*. Lakini akihesabu ng'ombe husema *inka eshatu*. Vivyo hivyo watano: *abantu batanu*, lakini *inka eshanu*. Lugha moja, mtu mmoja, na *t* inageuka *sh* pale tu anapohesabu vitu vya ngeli ya ng'ombe. Zamani kiambishi cha ngeli hiyo kilikuwa irabu *i* tupu, imekaa mbele ya *t*, na *i* ni irabu yenye tabia ya kulainisha konsonanti jirani. Kinyarwanda kimehifadhi hali zote mbili. Waganda, Walega na Washi wao walichukua ile sura laini ya ng'ombe na mbuzi wakaieneza kwa watu na vitu vyote. Inaeleweka: mfugaji na mfanyabiashara huhesabu mifugo mara ngapi kwa siku?

Usidhani jambo hili ni geni kwako. Msemaji wa Kiswahili hulifanya kila siku. Tunasema watu wawili, vitu viwili, lakini nyumba mbili. Shina ni lilelile la kale, *\*-bili*. Katika wawili *b* imelegea ikawa *w*. Katika mbili imelindwa na *m* iliyo mbele yake. Ndani ya sarufi yako ya kila siku umebeba *b* ya zamani kama mtu aliyefunga sarafu ya babu yake kwenye ncha ya kanga.

Neno tatu lina pia kurasa zake katika historia ya Fizi. Tarehe 24 Aprili 1965 kikundi kidogo cha Wakuba kilivuka ziwa kutoka Kigoma kikatua Kibamba. Ili kuficha majina yao walipewa namba za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Tamayo akawa Mbili, na Ernesto Guevara, mzaliwa wa Argentina aliyejulikana duniani kama Che, akawa Tatu. Kwa miezi saba, hadi Novemba, milima ya Fizi ilimjua mtu yule kwa neno ambalo wakulima na wavuvi wa Kibantu walilitamka kabla Roma haijajengwa.

Namba zinafundisha pia kuhusu deni. Kiswahili kimeshika moja, mbili, tatu, nne, tano na nane za ukoo wake, lakini sita, saba na tisa kimekopa kutoka Kiarabu. Kirundi na Kinyarwanda vina *-tandatu* kwa sita, na wengi tunaona ndani yake tatu iliyoongezwa tatu. Kiswahili nacho kilikuwa na namba zake: kenda bado inajulikana kwa tisa, na saba ya kale imejificha ndani ya fungate, siku saba za maharusi. Hata neno samaki ni la Kiarabu. Shina la kale la Kibantu limebaki kwa Warundi kama *ifi*, kwa Watonga wa Zambia kama *inswi*. Na jina la mji wetu, Baraka, ni neno la Kiarabu lililobebwa na Kiswahili, kando ya ziwa ambalo misafara ya wafanyabiashara wa Ujiji ililivuka karne ya 19. Anayeanza elimu hii lazima ajifunze mapema kutenganisha mtoto wa nyumbani na mgeni. Akiweka samaki kwenye orodha ya Mame-Bantu, ameharibu orodha nzima.

Mtego mwingine ni mgumu zaidi, nao uko katika Kiswahili chetu cha Kongo. Pwani husema mtu, watu, watu wawili. Huku tunasema *mutu*, *batu*, *batu babili*. Mwanafunzi mwepesi atafurahi: Kiswahili cha Fizi kimehifadhi irabu *u* na konsonanti *b* za kale kuliko Unguja! Hapana. Kiswahili kilifika huku kikiwa tayari na mtu na watu. Wasemaji wa huku, ambao lugha zao za nyumbani hazijapoteza *mu-* na *ba-*, ndio walioirudisha ile sura. Sura ni ya kale, lakini njia iliyoileta ni mpya. Kuna watu huko nje wanaokiita Kiswahili chetu kibovu kwa ajili ya *batu babili*. Wangesikiliza vizuri wangesikia ndani yake Kibembe, Kifuliiru, Kilega na Mame-Bantu yenyewe.

Mpaka hapa nimesema kuhusu sauti. Maana ni kazi nyingine, kwa sababu maana haina sheria iliyonyooka kama ya *t* na *rh*. Inahitaji kujua watu waliishije. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa hapahapa: shina *-ami*.

Kwa Wanyarwanda na Warundi, *umwami* alikuwa mfalme. Kwa Washi na Wafuliiru, Mwami ni mtawala wa kurithi mpaka leo. Ukienda Buganda, *omwami* ni bwana, mheshimiwa, hata mume wa mtu; mwanamke atamtaja mumewe kwa neno hilo. Ukishuka Zambia, kwa Watonga, *mwami* ni chifu. Sasa rudi kwa Walega na Wabembe. Kwao kuna *bwami*, lakini hakuna mfalme. Bwami ni chama cha jando la hekima, chenye ngazi zinazopandwa kwa mafunzo, mali, tabia njema na msaada wa ndugu. Kwa Walega ngazi za juu za wanaume ni *yananio* na *kindi*, na wake za wakuu wana ngazi zao. Hapa *mwami* ni mtu aliyeingizwa, na waliokomaa ni wengi. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyewatafiti Wabembe na Walega, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya utamaduni wa Kilega mwaka 1973, na bwami ndiyo nguzo yake. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Serikali iliyozoea kutafuta mfalme mmoja wa kumwamrisha ilikutana na watu ambao wazo la ukuu walikuwa wameligawa.

Shina moja, basi: kwa huyu kiti cha enzi, kwa yule heshima ya nyumbani, kwa wetu safari ya maisha. Lipi lilikuwa la kwanza? Jan Vansina, mwanahistoria aliyetumia maneno kama wengine wanavyotumia hati, aliona katika maneno ya aina hii historia ya jinsi watu wa msituni na mabondeni walivyojitawala. Kwangu mimi, hukumu ni moja: yeyote atakayeandika historia ya utawala katika Maziwa Makuu akiwaanzia wafalme tu, atakuwa amesikia nusu ya neno.

Kuhusu nyumbani kwa wasemaji wa Mame-Bantu nitapita haraka, maana vitabu vinalieleza. Guthrie aliwaweka kusini mwa Kongo. Mmarekani Joseph Greenberg aliwaweka mpakani mwa Nigeria na Kameruni, na leo wataalamu wengi wako upande wake; muda unaokadiriwa ni kati ya miaka 4000 na 5000 iliyopita. Inatosha kukumbuka kwamba walikuwa na chombo cha majini. Shina la *bwato* liko Kirundi, Lingala, Kibemba na Kichewa, na kwa Waduala ni *bolo*. Watu walioondoka kule walijua kupiga kasia.

Imebaki lugha yenyewe ya Fizi. Katika orodha ya Guthrie Kibembe kina namba D54, Kilega D25, na Kiswahili G42. Herufi hizo ni za jiografia, si za ukoo. Kibembe na Kilega ni ndugu wa karibu. Kuna pia Kibembe kingine, cha Kongo-Brazzaville, H11, na Kibemba cha Zambia, navyo visichanganywe na hiki. Wenyewe huiita lugha yao *Ebembe*, na tayari jina hilo ni somo. Walega wana *Kilega*, Waswahili *Kiswahili*; kiambishi cha kale kilikuwa *\*ki-*. Wabembe wameidondosha *k*, ikabaki *e-*. Unapomsikia mtu anasema Ebembe, umesikia kanuni ya sauti ikifanya kazi katika silabi ya kwanza.

Makusudi sikuweka neno la Ebembe la tatu katika orodha ya sokoni. Hilo nimekuachia wewe. Nenda kwa bibi au babu, Mboko, Sebele, Kazimia, Lulimba au popote ulipo karibu napo. Mwombe ahesabu watu watatu, vitu vitatu na mbuzi watatu, kila kundi mara mbili, bila haraka. Usimsahihishe. Sikiliza kama mbuzi wanahesabiwa kwa sauti tofauti na watu. Andika ulichosikia, si ulichotarajia, na chini yake weka jina la kijiji, umri wa aliyesema, na tarehe. Kisha fungua sura ya kwanza.